Madole ya Matanga

Hamdani Kasubi alivua viatu mlangoni, jambo ambalo wakubwa wa Kiwanda cha Nta hawana mazoea nalo, kisha akaketi mkekani badala ya kwenye kiti nilichomwonyesha. Hapo nikajua kaja kuomba kitu kikubwa. Mtu akija na kiburi chake huwa anataka kidogo. Anayekuja na adabu nyingi hivyo amekusudia kukumaliza.

Alimjulia hali mume wangu, Mzee Lugusha, aliyekuwa amelala chumba cha pili huku mapafu yakimkoroma. Akanijulia hali mimi. Akauliza mihogo imeitikaje mwaka huu. Hatimaye akanyoosha kidevu kuelekea kijaluba changu, kile kisanduku cheusi kilichotundikwa ukutani juu ya kabati la vyombo.

"Bi Nyamizi, ile video ya moto," akasema. "Ya binti yake Nshoma. Nasikia unaweza kuiondoa."

"Nani kakudanganya? Hakuna mtu anayeweza. Ndiyo maana tukaujenga Ukindu."

"Ya mwalimu uliiondoa."

Mbwa wa jirani alibweka, akachoka.

Kuhusu Ukindu nina haki ya kuzungumza, maana tulioujenga tulikuwa watu saba, na wawili kati yao tulikuwa mimi na Lugusha. Ilikuwa ule mwaka kampuni ya mbali ilipozifuta video zote za wakulima wa Tabora kwa asubuhi moja, bila hata salamu. Tukasema, basi, hatuweki tena vitu vyetu kwenye ghala la mtu. Kila nyumba ikapewa kijaluba, kidogo kama mche wa sabuni. Ukirusha video, inachanwa nyuzi nyembamba, na nyuzi zinasambazwa nyumba kwa nyumba, kama ukindu kwenye mkeka: ukichomoa mmoja, mkeka haufumuki. Ili video iondoke, nyumba mbili kati ya kila tatu sharti ziiachie, na nyumba huachia kwa dole gumba la mwenyewe. Nyumba elfu nne na mia moja. Nani angeweza kuzizungukia zote?

Hakuna aliyezizunguka. Zilikuja zenyewe.

Kwetu nyumba yenye msiba haifanyi kazi. Majirani hugawana mizigo yake: huyu maji, yule kuni, mwingine mbuzi. Aliyetangulia kupiga jembe kaburini ndiye hutangulia kuchagua. Wanaume huchagua mizigo ya kuonekana, na kijaluba, ambacho kinataka kufutwa vumbi na kusimamiwa, huniachia mimi mwenye ujuzi nacho. Mfiwa anabandika dole kwenye kijaluba changu mara moja tu, katikati ya kilio, na tangu hapo dole langu linasema kwa niaba ya nyumba yake. Arobaini ikiisha tunapaswa kubandika tena, yeye na mimi kwa pamoja, dole lake lirudi kwao.

Tulipaswa. Lakini nani anakwenda kumdai mtu aliyemzikia? Na mimi ningepita vipi milangoni mwa watu nikitangaza kwamba msaada wangu umekwisha? Siku tunaujenga Ukindu nilipendekeza mashine yenyewe irudishe dole siku ya arobaini. Lugusha, enzi hizo akiwa na kifua chake, alisimama akauliza, "Yaani mashine ndiyo iseme wema umetosha? Huo si utovu wa adabu?" Tukampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Miaka kumi na minne ya kuwahi misibani. Na aliyenikabidhi dole lake alikuja pamoja na madole aliyokuwa ameyashika yeye, maana ndivyo tulivyoiunda mashine, dole hulifuata dole. Siku Hamdani ananikalia mkekani, nilikuwa nimeshika nyumba elfu mbili na mia tisa. Hakuna aliyejua. Kila mmoja alijua la kwake tu, na wengi hata hilo walikwisha kulisahau.

Mimi mwenyewe sikulitambua hadi alipokuja yule mwalimu. Walimrekodi amelewa kwenye harusi ya bintiye, suruali imelowa, na mji mzima ukamcheka wiki nzima. Alikuja kwangu ameshika kamba, na haikuwa ya ng'ombe. Nikabonyeza dole kwa kumhurumia, ili aone nimejaribu. Video ikaondoka. Nilishtuka kuliko yeye. Halafu, sisemi uongo, nilijisikia vizuri siku tatu.

"Video ya binti Nshoma inakwenda mahakamani Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka leo," Hamdani akasema kwa upole. "Isipokuwepo siku hiyo, hakuna kesi. Kuna ajali tu."

Alikuwa sahihi. Siku hizi mashine humtengeneza mtu akisema asiyoyasema, kwa sauti yake na kwa makunyanzi yake, kwa hiyo mahakama haipokei nakala ya simuni. Inapokea tu kilichomo ndani ya Ukindu siku ya kesi, kwa kuwa hakuna mghushi anayeweza kupenyeza uongo katika nyumba elfu nne. Kilichomo ni kweli. Kisichomo ni porojo.

Na kilichomo ni hiki. Tausi, miaka kumi na tisa, ndani ya chumba cha kuyeyushia nta, anarekodi kwa dakika nne. Nta ikishika moto hainyamazi kwa maji. Wanagonga mlango watu tisa. Nje inasikika sauti ya msimamizi, haina hata wasiwasi: "Hatoki mtu hajakaguliwa. Mnaiba asali halafu mnapiga kelele za moto." Dakika ya tatu Tausi anamwita mama yake. Dakika ya nne haielezeki, wala sitaieleza.

"Toka nyumbani kwangu," nikamwambia Hamdani.

Akasimama, akavaa viatu taratibu. Sikuona hasira usoni mwake.

"Sawa, mama. Namwombea mzee apone."

* * *

Lugusha alikuwa amesikia yote. Nilipoingia kwake na uji alinikamata mkono kwa nguvu nisiyojua kama bado anayo.

"Rudisha madole ya watu," akasema.

"Kunywa uji."

"Nyamizi, nilikosea siku ile. Mlinipigia makofi kwa sababu nilisema maneno matamu. Yarudishe."

Nikamweleza kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Nikiyarudisha, Hamdani atapita nyumba kwa nyumba. Huyu ana mtoto kiwandani, yule anawauzia asali, mwingine anaogopa tu. Watalegea mmoja mmoja. Yakibaki kwangu hayatikisiki, maana mimi silegei.

"Na siku ukilegea?"

"Mimi?" Nikacheka. "Umenioa miaka thelathini na mitano, umeniona nikilegea?"

Hakucheka. Kwa hiyo, kumridhisha tu, kesho yake nilikwenda kwa Mzee Ndalu, mgane niliyemshikia dole tangu alipofiwa na mkewe. Nilibeba kijaluba changu kwenye kikapu. Nilipomweleza nilichofuata, aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Nimekukosea nini, Bi Nyamizi?"

"Hujanikosea, mzee wangu. Ni utaratibu tu."

"Ulinipikia siku saba. Ulimwosha mke wangu kwa mikono hiyo. Leo unaniletea dole mlangoni kama anayerudisha sufuria bovu?" Akainuka. "Au mmekaa kikao, mimi mkaona sistahili kuzikwa?"

Nikamwomba radhi. Akakataa kubandika, na asipobandika yeye, dole lake halirudi kwake. Kabla ya magharibi wanawake watatu walikwisha kunijia kuuliza Ndalu kafanya ufisadi gani hata nimemsusa. Nyumba ya pili nilifika getini nikageuza. Na hapa niseme lisilopendeza: nilifurahi kushindwa. Nilirudi nyumbani na kikapu changu, kizito vilevile, nikamwambia Lugusha, "Si unaona? Hawayataki."

Alifumba macho.

"Basi nisikilize. Mimi sifiki mwisho wa mwezi. Nikifa watakuja na majembe, na dole lako nalo litakabidhiwa, na yote yaliyo nyuma yake yatalifuata. Mwite Nshoma leo. Mwambie siku hiyo mzigo wa kijaluba ni wake, watu wajue mapema."

"Usijichurie kifo!"

"Mwite, Nyamizi."

Sikumwita. Nimwite jirani nimgawie mizigo ya matanga mume wangu akiwa bado anakunywa uji? Ningekuwa nimemchimbia kaburi kwa mdomo. Hata mchawi ana mipaka. Tena kumwita Nshoma kungetaka nimweleze sababu, nimwambie kwamba video ya mwanawe inaning'inia kwenye dole langu moja, na yeye alikuwa anapita mitaani akijivuna kwa machozi kwamba nyumba elfu nne zimembeba Tausi. Nikasema Jumatatu ipite kwanza. Mgonjwa huyu kakoroma miezi minane, wiki tatu hazimshindi.

* * *

Lugusha alikata roho Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya kesi. Nilikuwa nimekwenda jikoni kupoza uji. Niliporudi alikuwa ameshatulia, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyetaka kuongeza neno.

Nilipiga yowe, na majirani wakaingia. Nshoma ndiye aliyefika wa kwanza. Alinivua kilemba, akanikalisha chini, akanishika mabega kutoka nyuma, na kila nilipoyumba akayumba nami. Mwanamke huyu miezi sita nyuma alizika kitambaa, kwa kuwa nta haikumwachia mwili wa kuzika. Siku hiyo alilia kwa ajili ya mume wangu kana kwamba hana wa kwake wa kumlilia.

Saa nne hivi sauti za wanaume zilisikika uani. Kaburi tayari. Mapema hivyo? Nikasikia mtu akisifia: "Watu wa kiwanda hawa, wamefika makaburini kabla yetu. Mkubwa wao mwenyewe ndiye aliyepiga jembe la kwanza."

Nikajua ni nani.

Hamdani alisimama mlangoni, miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake ua ulijaa watu, na katikati yao jeneza la mume wangu limefunikwa kwa mkeka, likingoja mabega. Mkononi alishika kijaluba chake, kipya, hakina hata mkwaruzo.

"Mama, pole sana," akasema kwa sauti iliyowafikia wote. "Nimelima nyumba ya mwisho ya mzee kwa mikono yangu. Nauliza kama desturi inavyotaka. Katika mizigo ya nyumba hii, naomba nibebe kijaluba."

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Mkubwa mzima, anaomba mzigo mdogo kabisa! Mmoja alisema unyenyekevu kama huo haujaonekana mjini hapa.

Nilimtazama. Naye alinitazama, na machoni mwake mlikuwa na ile adabu ileile.

Mchimbaji akinyimwa mzigo, kaburi lake limekataliwa. Kaburi likikataliwa, wachimbaji wote huokota majembe wakaondoka, na hakuna wengine wanaorudi mahali pao siku hiyo. Ningeweza kusema, "Hapana, na sababu ni hii." Ingenibidi basi niseme yote. Kwamba madole yenu ninayo, wewe na wewe na wewe. Kwamba mlidhani Ukindu ni wenu, kumbe siku nyingi ni wangu, na sikuwaambia. Watu mia tatu uani. Ningesema hayo, na baada ya hapo nani angeinama kumbeba Lugusha? Jua lilikuwa linapanda, na nzi walikuwa wameanza.

Nikalikunja dole gumba ndani ya ngumi. Minong'ono ikaanza. Ndipo Nshoma aliponiinamia sikioni, lakini kwa kuwa sauti ilikuwa imemkauka kwa kilio, wote walimsikia.

"Mpe, ndugu yangu. Kama kuna wa kumchukia huyu ni mimi, na mimi nasema mpe. Jumatatu nitakutana naye mahakamani. Leo kaja na jembe. Tusiwe watu wa ajabu mbele ya maiti."

Wanawake waliitikia kwa kumsifu. Mmoja alilia upya kwa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mazuri.

"Nshoma," nikasema.

"Nipo, mama. Nipo nyuma yako."

Ningemwambia hapo. Mdomo wangu ulikuwa karibu na sikio lake. Sentensi moja ingetosha, na angepiga kelele, na kelele yake ingetosha.

Nikabandika dole.

Hamdani alishukuru, akarudi nyuma hatua tatu bila kunipa kisogo. Wakamwinua mume wangu. Walikuwa wengi waliogombea kumbeba, na jeneza lilipita juu ya vichwa likiyumba, na nilisikia fahari. Niseme na hilo: katikati ya yote, nilisikia fahari.

* * *

Kijaluba kikiachia video hutoa mlio mdogo, tik, basi. Alasiri ile, watu wakila wali wa msiba, kijaluba cha ukutani kwangu kililia. Kikalia cha nyumba ya jirani, na cha ng'ambo ya barabara, na mlio ukaenda ukitawanyika mtaani kama bisi kwenye sufuria. Watu waliinua vichwa. "Joto," mmoja akasema, wakaendelea kula.

Nilikuwa na Jumapili nzima ya kusema. Nshoma alilala nyumbani kwangu, akanichemshia maji, akanilisha kwa mkono wake. Kila alipofungua mlango nilijiambia, sasa. Nilikuwa tayari nimeingia eda, sitoki nje miezi minne na siku kumi, na nikajidanganya kwamba hata nikisema siwezi kufanya lolote. Nilingoja aulize. Hakuuliza, angeuliza nini? Alizungumza habari za Tausi alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akikataa kula ubwabwa bila sukari. Jumatatu alivaa gauni la buluu, akanibusu kiganja, akaondoka.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Hakulia. Alikaa chini miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Haipo," akasema.

"Haipo vipi?"

"Hakimu kaitafuta, haipo. Karani akasoma orodha ya nyumba zilizoiachia. Akasoma, Nyamizi, nyumba moja moja, mpaka akaomba maji ya kunywa. Ndalu kaiachia. Majirani zangu wa kulia na kushoto wameiachia. Hawa niliokula nao wali hapa juzi." Akapumua. "Nyumba yako pia imesomwa. Lakini wewe najua. Ulikuwa na maiti ndani, na dole lako alikuwa nalo yule shetani, na mimi ndiye niliyekwambia umpe. Nisamehe."

Anaomba msamaha. Mimi ndiye ninayeombwa msamaha.

"Kesi imefutwa. Wakacheka pale nyuma, wa kiwanda." Alitazama dole lake gumba la kulia, akaligeuzageuza. "Lakini kuna kitu kimoja sikielewi. Nyumba yangu nayo kasoma. Nyumba ya Nshoma Kalekwa, imeachia. Nikamwambia karani rudia, akarudia."

Ukuta wa nyuma yangu ulikuwa wa baridi. Nilikumbuka dole lile. Nilikumbuka siku yenyewe, matanga ya Tausi, nilivyomshika kifundo cha mkono kwa upole nikalibandikisha dole lake kwenye kijaluba changu, yeye akitazama dari. Hakuona. Siku ile hakuwa anaona kitu.

"Kuna siku huwa naitazama nimekishika kijaluba mkononi hivi," akasema polepole. "Nikifika dakika ya tatu, anaponiita, sijui huwa nafanya nini. Labda nilibonyeza, Nyamizi? Kwa uchungu tu, mkono ukateleza? Labda mwanangu nimemwachia mwenyewe?"

Aliniangalia akingoja jibu, kwa sababu mimi ndiye mwenye ujuzi wa vijaluba, na kila mtu mjini anaujua uaminifu wangu.

"Labda," nikamwambia.

Akajilaza mapajani mwangu na kuanza kulia, na mimi nikampapasa mgongo mpaka adhana.